Kabla ya Kumlaumu Mfanyakazi, Tuikague Kazi

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kakamega



Halmashauri imetupa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo hutajwa karibu katika kila mkutano wa matawi yetu, nalo ni kazi hafifu. Wanachama huuliza: mbona watu wetu walioajiriwa katika ofisi, hospitali, shule na viwanda hawatoi kazi iliyo sawa na elimu waliyopewa? Tena liko mbele yenu leo azimio mtakalolipigia kura baada ya chakula cha mchana, ya kwamba sehemu ya fedha za Ustawi itengwe ili kuwapeleka vijana na watumishi katika mafunzo ya siku chache chache. Hatukusimama hapa kulipinga azimio hilo, wala kulisifu. Twataka tu lipigiwe kura na watu wanaojua mafunzo huponya ugonjwa gani, na ugonjwa gani hayauponyi. Maana fedha hizi ni michango ya wajane na ya wauza mboga, na kila shilingi itumikayo bure imeondolewa katika karo ya mtoto fulani.

Kwa desturi yetu, kazi inapoharibika tuna dawa mbili tu. Ya kwanza ni karipio, na mwisho wake ni kufukuzwa. Ya pili ni mafunzo. Mtu akichelewesha barua, twasema ni mvivu, akaripiwe; ama twasema hajui, apelekwe kusoma. Lakini tungemwonaje tabibu mwenye chupa mbili tu za dawa, ambaye huwapa wagonjwa wote moja ya chupa hizo bila kuwapima? Mwenye malaria atapona pengine kwa bahati, na mwenye mguu uliovunjika atarudi nyumbani akichechemea kama alivyokuja. Basi shabaha ya maneno yetu ya leo ni kuonyesha ya kwamba kazi nayo yaweza kupimwa kama mgonjwa apimwavyo, kwa utaratibu, kabla ya dawa kutolewa.

Utaratibu huu una historia yake. Mwaka 1962, huko Marekani, watu waliopenda njia mpya za kufundisha walianzisha chama chao. Mwanzoni waliamini kuwa wakifundisha vizuri, kazi itakuwa nzuri. Lakini kadiri miaka ilivyopita wakaona jambo la ajabu: mtu alifundishwa, akafaulu mtihani, kisha akarudi kazini na kufanya vilevile kama zamani. Ndipo wakaanza kuuliza maswali mengine yasiyohusu darasa. Mwaka 1970 Robert Mager na Peter Pipe walitoa kitabu kilichomfundisha msimamizi kutofautisha kati ya mtu asiyejua kazi na mtu aijuaye lakini anazuiwa na jambo lingine. Na mwaka 1978 Thomas Gilbert akatoa kitabu kikubwa juu ya uwezo wa binadamu kazini. Hata chama chenyewe, kilichozaliwa kwa ajili ya mafundisho, mwaka 1995 kilichukua jina jipya ambalo halitaji mafundisho kabisa, bali latangaza kutengeneza utendaji wa kazi. Wazee wetu mwajua ya kwamba chama hakibadili jina lake kwa jambo dogo.

Mafundisho ya Gilbert yaweza kukusanywa katika maswali 6. Matatu yahusu mazingira ya kazi, na matatu yahusu mtu mwenyewe. Twaomba mtuvumilie tuyaeleze moja moja.

Swali la kwanza ni la habari. Je, mfanyakazi ameelezwa wazi anachotakiwa kufanya na kwa kipimo gani, na je, huambiwa jinsi anavyoendelea? Kuna vijana wengi walioandikwa kazi kwa barua ya mistari mitatu, wakaonyeshwa meza, na tangu siku hiyo hawakusikia neno lolote juu ya kazi yao mpaka siku ya kugombezwa. Mtu hawezi kulenga shabaha asiyoonyeshwa.

Swali la pili ni la vyombo na nafasi. Je, ana zana zifaazo, fomu za kutosha, wakati wa kutosha, na njia ya kazi isiyomzungusha? Karani apimaye miwa kwa mizani isiyokaguliwa hatatoa hesabu ya haki hata akiwa mtakatifu. Mlimaji mwenye jembe butu huchoka upesi kuliko mwenzake, na wapita njia humwita mvivu.

Swali la tatu ni la matokeo. Je, mtu akifanya vizuri apata nini, na akifanya vibaya apata nini? Katika ofisi nyingi, karani amalizaye upesi hurundikiwa majalada ya wenzake, kwa mshahara uleule, naye agotaye huachwa aende nyumbani mapema kwa kuwa hapewi kazi ya haraka. Baada ya mwaka mmoja wote wawili wameshajifunza somo, nalo ni somo baya: ya kwamba upesi huadhibiwa na uzito hulipwa.

Swali la nne ni la ujuzi: je, anajua kazi hii hasa? Hapa ndipo mafunzo yalipo na haki yake. La tano ni la uwezo: je, mwili wake, macho yake na tabia yake ya asili vyafaa kazi aliyopewa, au tumemweka asipofaa? La sita ni la nia: je, anataka kuifanya?

Tazameni sasa, ndugu Wanachama. Dawa zetu mbili za zamani zinajibu swali la nne na la sita tu. Manne yaliyobaki hatuyaulizi kabisa. Naye Gilbert alishauri ya kwamba yale matatu ya mazingira yaulizwe kwanza, kwa kuwa huko ndiko kasoro nyingi zilikojificha, na kwa kawaida huko ndiko dawa ilipo rahisi. Kumweleza mtu kipimo cha kazi yake hakugharimu kitu. Kumpeleka mjini kwa juma zima hugharimu nauli, malazi, na posho.

Mtu aweza kusema: hayo ni maneno ya Wamarekani, na mambo ya huku ni mengine. Basi na tutazame mambo ya huku kwetu.

Katika miaka ya 2006 hadi 2008, watafiti wa KEMRI na wenzao, akiwamo Daktari Mike English, walifuata hospitali 8 za wilaya katika Kenya kwa muda wa miezi 18, waone jinsi watoto wagonjwa wanavyohudumiwa. Hospitali zote zilipewa mwongozo uleule wa matibabu. Hospitali 4 zilipewa mafunzo ya siku moja na nusu, na taarifa za maandishi juu ya kazi yao. Hospitali 4 nyingine zilipewa mafunzo ya siku 5 na nusu. Lakini pamoja na hayo zilipewa vitu vya kuwasaidia kazini: karatasi za kumbukumbu, fomu maalum ya kumpokea mtoto ili lisisahauliwe jambo, mwenzao mmoja wa hospitali ileile wa kuwahimiza, wakaguzi waliorudi mara kwa mara, na vikao vya ana kwa ana vya kuwaonyesha matokeo yao. Taarifa ikatolewa mwaka 2011. Zile hospitali zilizopata msaada kamili ziliendelea mbele zaidi ya wenzao: watoto walipimwa kwa ukamilifu zaidi, na makosa ya vipimo vya dawa yakapungua zaidi. Kweli, hospitali hizo zilipata na siku nyingi zaidi za kusoma. Kwa hiyo hatusemi mafunzo si kitu. Twasema ya kwamba mafunzo yalikwenda pamoja na fomu, mwenzi, mkaguzi na taarifa. Muuguzi aliyesoma hakuachwa peke yake usiku wa manane na mtoto mwenye degedege na daftari tupu.

Tuje shuleni, maana katika chumba hiki walimu ni wengi. Kati ya mwaka 2011 na 2014 palikuwa na mpango wa Serikali na washirika wake wa kujaribu njia za kufundisha watoto wadogo kusoma na kuhesabu, ulioitwa kwa kifupi PRIMR. Shule ziligawanywa. Baadhi walimu wake walipewa mafunzo na washauri wa kuwatembelea. Nyingine zikaongezewa vitabu, kila mtoto chake. Nyingine tena zikaongezewa, juu ya hayo yote, mwongozo wa mwalimu unaoonyesha somo la kila siku. Hizi za mwisho ndizo zilizofanya vema kuliko zote. Walimu walikuwa ni wa aina ileile, wenye vyeti vilevile na mshahara uleule. Kilichotofautiana ni vitu walivyopewa mkononi. Kwa misingi hiyo mpango wa Tusome ukaanza mwaka 2015 katika shule za msingi nchini kote, na maofisa waliokuwa wakizuru shule wakapewa vishikwambi vya kuandikia waliyoyaona darasani, ili mwalimu ashauriwe papo hapo.

Kwa jirani zetu wa Tanzania kuna ushuhuda mwingine. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kupunguza vifo vya wagonjwa wa upasuaji, lilichagua hospitali 8 katika miji 8 ya dunia. Miongoni mwa miji mikubwa kama London, Seattle, Toronto na Manila, ulichaguliwa pia mji mdogo wa Ifakara. Kati ya mwaka 2007 na 2008 madaktari na wauguzi wa hospitali hizo walitumia orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla ya kisu, wakati wa kisu na baada ya kisu: mgonjwa ni nani, atapasuliwa wapi, dawa ya kuzuia vidonda visioze imetolewa, vyombo na pamba zimehesabiwa. Wagonjwa zaidi ya 7,600 walifuatwa. Hospitali zote 8 zikihesabiwa pamoja, vifo vilishuka kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8. Waliopatwa na madhara makubwa walishuka kutoka 11 katika kila 100 hadi 7. Madaktari hao hawakufundishwa upya kupasua. Walipewa karatasi moja na desturi ya kusemezana, na ndani ya namba hizo wamo wazazi waliorudi kwa watoto wao.

Serikali yetu nayo haikukaa bure. Mwaka 2004 ilianza mikataba ya utendaji kwa mashirika 16 ya umma, ambamo kila shirika liliandika litakachofanya na kipimo chake. Baadaye mikataba ikaenea katika wizara na halmashauri za miji na wilaya. Hilo ni swali la kwanza la Gilbert. Na mwaka 2013 vikaanza vituo vya Huduma, ambavyo Kakamega nayo ilipata chake, ili mwananchi apate chini ya paa moja mambo aliyoyatafuta zamani katika majengo mengi. Hilo ni swali la pili. Karani aliyekuwa katika jengo la zamani na karani wa kituo kipya huenda ni mtu yuleyule. Ila njia ya kazi ndiyo iliyonyoshwa.

Na hapa nyumbani tuna fundisho chungu. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi kilikuwa fahari ya nchi hii yote ya magharibi. Mwaka 2019 benki iliyokidai ikaweka msimamizi wake wa kukishika. Je, mafundi wake walikuwa wamesahau kupika sukari? Hasha. Miwa ilikuwa haba, madeni mengi, na wakulima hawakulipwa kwa wakati, wakavunjika moyo. Fundi hodari kuliko wote hawezi kusaga miwa isiyofika kwenye mashine. Wengi wetu tulikuwa na ndugu mle ndani, na tulisikia watu barabarani wakiwaita wazembe.

Sasa, njia yenyewe hufuatwaje? Tuseme kuna chama cha kusaidiana wakati wa msiba. Wanachama wake wanalalamika kuwa fedha za msaada hufika baada ya maziko, wakati jeneza limekwisha kukopwa na ng'ombe wa mazishi amekwisha kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mkutano umekasirika, na wengi wanataka mtunza fedha afukuzwe.

Hatua ya kwanza ni kutaja matokeo kwa kitu kinachohesabika. Si kusema "kazi iwe nzuri," bali kusema: fedha zifike mkononi mwa wafiwa kabla ya siku 3 kwisha. Hatua ya pili ni kupima pengo: zachukua siku ngapi sasa, na tawi lililo bora kuliko yote huchukua siku ngapi? Gilbert alisisitiza sana jambo hili, ya kwamba tumtazame afanyaye vizuri kuliko wote, tujue anafanyaje. Hatua ya tatu ni kuifuata karatasi yenyewe kwa miguu, mkono kwa mkono, huku tukiuliza yale maswali 6, na kumwuliza mfanyakazi mwenyewe, kwa upole, nini kinachomzuia. Huenda ikaonekana ya kwamba mtunza fedha hushughulikia karatasi kwa saa moja tu. Siku nyingine zote karatasi inamngoja mtia sahihi wa tatu anayekaa mbali. Mngemfukuza mtunza fedha, na maziko yangeendelea kutangulia fedha.

Hatua ya nne ni kuchagua dawa iliyo nyepesi kuliko zote na kuijaribu mahali pamoja kwanza: labda kuongeza mtia sahihi mmoja aliye karibu, akiba ndogo ikawekwa tayari kwa tawi. Hatua ya tano ni kupima tena baada ya miezi michache. Siku zikipungua, dawa ienezwe. Zisipopungua, iachwe bila haya, itafutwe nyingine.

Twajua Wazee wana maswali mawili, na ni haki yao. La kwanza: je, mafundisho haya hayawapi wavivu mahali pa kujificha? La, Wazee wetu. Swali la sita limo, nalo litaulizwa. Mtu aliyeelezwa, akapewa vyombo, akalipwa kwa haki, anaijua kazi, anaiweza, na bado haifanyi, huyo hana pa kujificha tena. Kila mlango umekwisha kufunguliwa, na kosa lake laonekana na wote. Utaratibu huu humlinda mwenye bidii asihukumiwe pamoja na mzembe.

La pili: je, vipimo haviwezi kudanganya? Vyaweza sana. Kipimo kikigeuzwa kuwa fimbo, hesabu hupikwa. Karani akipigwa kwa sababu ya namba, atatengeneza namba, na kazi itabaki vilevile. Kwa hiyo kipimo kiwe taa ya kumulikia njia, na amulikwaye aione taa hiyo kabla ya mkubwa wake kuiona. Tena usipimwe wingi tu. Barua 100 zilizojibiwa vibaya si kitu mbele ya barua 40 zilizomaliza shida za watu.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, twaomba Mkutano huu, utakapolifikiria lile azimio, ulitie masharti manne. Kwanza, fedha za mafunzo zisitolewe mpaka mwombaji aonyeshe ya kwamba kasoro ni ya ujuzi, si ya vyombo wala ya njia ya kazi. Pili, kila atakayepelekwa awe na mwenzake kazini atakayemsaidia kuyatumia aliyojifunza, na arudi mbele ya tawi lake baada ya miezi 3 kueleza kilichobadilika, kwa hesabu. Tatu, Halmashauri ichague kazi moja tu ya Chama mwaka huu, ijaribu juu yake hatua hizo tano, na taarifa yake ichapishwe katika kijitabu cha mwaka ujao, iwe njema au isiwe njema. Nne, mwajiriwa yeyote wa Chama asifukuzwe kwa kazi hafifu kabla ya maswali 6 kuulizwa na majibu kuandikwa.

Sharti hili la nne ndilo zito kuliko yote. Kijana anapofukuzwa kazi katika sehemu zetu, haanguki peke yake. Nyuma yake wako mama aliyemlipia karo kwa kuuza kuku, wadogo zake wanaongoja zamu yao ya shule, na pengine mke aliyejifungua juzi. Akiwa amekosa, hukumu na ipite. Lakini tukimhukumu kwa makosa ya mizani, au ya fomu, au ya sahihi ya mtu wa tatu, tutakuwa tumevunja nyumba nzima na kasoro tumeiacha palepale mezani, ikimngoja kijana mwingine aje kuikalia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaongeza ya kwamba kabla ya kuziba, yafaa mtu atembee kuzunguka nyumba, aone ufa uko upande gani.